Bi Mkaguzi na Vibao vya Ndege Pacha

Sote tuliofanya kazi naye tulimwita Bi Mkaguzi, na sikumbuki mtu aliyethubutu kumwita kwa jina lake. Hata mtaani kwake, Mji Mkongwe, wauza samaki walipomwona anapita walisema, "Bi Mkaguzi, leo kuna changu wazuri," naye akasimama kuwatazama samaki machoni kana kwamba anataka kuwatilia saini. Alikuwa mkaguzi wa ndege ndogo katika kampuni moja pale kiwanja cha ndege. Mimi nilikuwa mratibu wa safari, yaani yule anayekaa na redio, anayejua rubani gani kaondoka na ndege gani na anategemewa saa ngapi. Tulikaa chumba kwa chumba miaka mingi, na katika miaka hiyo nimempenda, nimemchukia na nimemuogopa, mara nyingine yote matatu kabla ya adhuhuri.

Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Asubuhi alilivua baibui mlangoni mwa hanga, banda la ndege, akalitundika, akavaa ovaroli la buluu na mtandio alioufunga ukamkaza kichwani usije ukanaswa na kitu. Hakupenda kuzungumza kabla ya kazi. Ukimwamkia "Shikamoo" aliitikia "Marahaba" huku mgongo wake umeshakuacha.

Wakaguzi wengine niliowaona huanza na injini, au matairi, au hupitisha mkono kwenye mbawa. Yeye alianza na mlango. Aliufungua, akainama, akakitafuta kibao.

Kibao chenyewe ni kitu kidogo, hakizidi kiganja cha mtoto. Ni cha chuma kisichoungua kwa moto, kimepigwa misumari ya ribiti kwenye fremu ya mlango. Hapana rangi wala wino juu yake. Kiwanda kimegonga chuma juu ya chuma jina la aliyeiunda ndege, aina yake, na nambari iliyozaliwa nayo. Ndege za siku hizi hukibeba nje, mtu akisome akiwa amesimama chini. Zetu zilikuwa kuukuu, na kuukuu zimeruhusiwa kukiweka ndani karibu na mlango, alimradi aina na nambari ziandikwe pia ubavuni kwa nje. Kukibandua bila idhini ni marufuku. Kufuta hata herufi moja ni marufuku. Na kubwa kuliko yote, ni marufuku kukipachika kwenye ndege isiyokuwa yake.

Nilimuuliza siku moja kwa nini aanze na kitu ambacho hakizunguki, hakivuji mafuta, wala hakiwezi kuiangusha ndege.

"Daktari anampima mtu damu kabla hajamjua ni nani?" akanijibu. "Ntakagua mpaka jioni, ntatia saini. Saini hiyo itakuwa ya ndege gani?"

Fundi mmoja aliwahi kupaka rangi fremu ya mlango na kibao pamoja. Bi Mkaguzi hakupaza sauti. Alimletea pamba na dawa ya kutolea rangi, akavuta stuli, akakaa karibu naye mchana kutwa akimtazama anavyosafisha herufi moja baada ya moja. Alipomaliza akamwambia, "Kibao hiki ukikidharau, siku moja kitakuzaba kibao." Huo ndio mzaha pekee niliopata kumsikia akiufanya kazini, na hakucheka.

Ndege zetu kubwa zilikuwa mbili, zimetoka kiwanda kimoja, rangi moja, na nambari zao zilifuatana. Tarakimu ya mwisho tu ndiyo iliyozitenganisha. Mafundi waliziita Kulwa na Doto. Yeye hakuyapenda majina hayo. "Jina la utani ni la mtu anayeweza kuitika," alisema. Alizitaja kwa nambari zake, na sisi tukawa tunamkatiza: Bi Mkaguzi, hiyo ni Kulwa au Doto? Mwisho akachoka, akawa anasema Kulwa na Doto kama watu wote, lakini kila alipoyatamka majina hayo aligeuka kukitazama kibao, kama mama anayehakikisha kwamba anayemkemea ndiye aliyekosa.

Huyo ni Bi Mkaguzi wa hanga. Bi Mkaguzi wa mtaani alikuwa mwongo.

Nasema hivyo kwa heshima zote. Mjane mmoja wa nyumba ya pili alikuwa akipika mkate wa kumimina usioumuka hata siku moja. Bi Mkaguzi aliula mpaka kipande cha mwisho, akasema, "Mikono yako ina baraka." Jirani mwengine alikuwa mzee ambaye mwanawe alihamia Maskati akasahau njia ya nyumbani. Kila baada ya muda Bi Mkaguzi alipanda ngazi za mzee yule na kumwambia, "Mwanao kanipigia mimi. Yako haishiki, mtandao mbovu. Anakusalimu sana." Niliwahi kuwapo. Nilimwona mzee anavyonyooka kitini.

Tulipotoka nikamwambia, "Bi Mkaguzi, kazini ungemfukuza mtu kwa hilo ulilofanya."

"Kazini kuna chuma," akasema. "Chuma hakina moyo. Ukikidanganya chuma, kinakwenda kumuua mtu mwengine kabisa."

"Na mzee akigundua?"

"Akigundua atanichukia mimi. Nikinyamaza atamchukia mwanawe. Kipi bora?"

 Hata leo sijui kipi bora.

Usidhani kwamba alikuwa mtu laini nje ya uongo wake huo. Hakujua kuomba radhi. Akikukemea kwa kosa lisilo lako, siku ya pili alikuletea andazi mezani, akaliweka na kuondoka, na wewe ulitakiwa ujue kwamba yamekwisha. Alikuwa na wivu wa kazi. Mkaguzi mgeni hakuruhusiwa hata kushika tochi yake. Na nyumbani kwake, mwanamke huyu aliyeweza kukwambia ribiti ipi imelegea katika ubavu wa ndege nzima, alipoteza funguo kila wiki, na mara mbili nilimkuta amekaa kwenye baraza ya watu akisubiri kijana wa useremala aje amvunjie kitasa.

Sasa nieleze msimu ule.

Ilikuwa kilele cha msimu wa watalii, hoteli zimejaa kutoka Nungwi mpaka Kizimkazi. Wakati huohuo Kulwa alikuwa na ufa kwenye shina la bawa na hakuweza kuruka. Doto alikuwa mzima, lakini vyeti vyake vilikuwa vimekwisha muda na vipya vilikuwa bado kutoka. Mmoja alikuwa na mwili mbovu na karatasi nzuri, mwengine mwili mzuri na hana karatasi. Mwenye kampuni, ambaye sote tulimwita Tajiri, alizitazama ndege zake mbili zimesimama hanga kama ng'ombe waliokatazwa malisho, na fikra ikamjia ambayo nadhani ingemjia yeyote.

Aliingia mwenyewe hanga. Mimi nilikuwa nimepeleka ratiba, nikasimama pembeni.

"Bi Mkaguzi," akasema kwa upole, maana naye alikuwa akimuogopa, "hawa ni pacha. Kiwanda kimoja, rangi moja. Tumvishe Doto kibao cha Kulwa, tubadilishe na herufi za ubavuni. Msimu ukisha, kila kitu kinarudi pahala pake."

"Haiwezekani."

"Ni ribiti tu, bibie. Doto ni mzima, umemkagua mwenyewe. Hatumhatarishi mtu."

"Ni ribiti tu," akakubali. "Na jina la mwanao ni herufi tu. Lakini hutokubali aandikwe jina la mwenziwe."

"Wageni wako hotelini wanasubiri."

"Wapande boti."

Tajiri akazitazama tena ndege zake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyebanwa. Akasema, "Basi labda ukapumzike nyumbani mpaka msimu upite."

 Bi Mkaguzi akavua ovaroli, akalikunja, akavaa baibui lake, akaifunga tochi katika mkoba. Alipopita kwa Doto akaufunga mlango wa ndege uliokuwa umeachwa wazi, akatoka.

Tajiri alileta mkaguzi kutoka bara. Yule bwana alifika asubuhi, akaelezwa, akakitazama kibao, akauliza mkaguzi wa hapa yuko wapi. Akaambiwa anapumzika. Alasiri akapanda boti kurudi kwao, na hakutia saini chochote. Ndege zote mbili zikabaki chini msimu mzima.

Katika kampuni ndogo jambo kama hilo halimwangukii tajiri peke yake. Mafundi walipunguzwa. Mmoja wao alikuwa Makame, Mtumbatu, fundi hodari mwenye watoto wadogo. Aliapa kwamba hatomwamkia tena Bi Mkaguzi. Na hanga zima lilikuwa upande wa Makame. Tulisema ana roho ngumu. Tulisema ameipenda sheria kuliko watu. Kila Ijumaa Bi Mkaguzi alipika pilau akampelekea Makame sinia, na kila Ijumaa sinia lilirudi na kawa lake, halijafunuliwa. Alipeleka tena Ijumaa iliyofuata.

Nilimwambia, "Si uache sasa? Anakudhalilisha."

"Makame ana haki," akasema. "Watoto wake hawali nambari. Mimi naye kila mtu na haki yake. Ndiyo maana hatuelewani."

Msimu ulipopita, bawa la Kulwa likatengenezwa, vyeti vya Doto vikatoka, na Tajiri akamtumia dereva. Bi Mkaguzi akarudi, akalitundika baibui, akaufungua mlango wa Doto, akainama.  Makame hakurudi, alipata kazi kwenye boti.

Ajali ilitokea masika ya miaka michache baadaye.

Marubani wawili walikuwa wakirudi kutoka kusini, kila mmoja na ndege yake, hawakuchukua abiria. Idrisa alikuwa na Kulwa. Haji alikuwa na Doto. Hivyo ndivyo nilivyopanga mimi, lakini asubuhi ile waliondoka kiwanja kidogo cha bara kisicho na mtu wa kuandika, na Idrisa alikuwa ameniambia kwenye redio kwamba betri ya ndege yake inasumbua, huenda wakabadilishana, mwenzake ana uzoefu zaidi. Kisha mvua ikafunga. Nikamwita Idrisa, kimya. Nikamwita Haji, kimya. Nikawaita kwa kupokezana mpaka sauti ikanikauka.

Saa sita za mchana simu ikatoka Kizimkazi. Ndege imeanguka kwenye kichaka cha mawe nje ya kijiji. Imeungua. Yumo mtu mmoja.

Ndege moja, na marubani wawili hawajulikani walipo. Habari ilifika nyumbani kwao kabla hatujaipeleka. Mke wa Haji, Bi Salma, alikuja na ndugu yake. Baba yake Idrisa, Mzee Faki, alikuja peke yake kutoka Mbweni, kanzu imelowa mvua. Walikaa kwenye benchi moja ofisini kwetu, na kila mmoja alijua kwamba anachomwomba Mungu kwa ajili yake ni msiba kwa mwenziwe. Bi Salma alimpa Mzee Faki maji. Mzee akamwambia anywe yeye kwanza.

Bi Mkaguzi aliingia, akawatazama, akaniambia, "Twende."

Tulikwenda Kizimkazi kwa gari. Tulipofika, askari alikuwa amesimama chini ya mwavuli na wanakijiji wamekaa mbali, wametulia. Rangi yote ya ndege ilikuwa imekwisha. Herufi za ubavuni hazikuwapo, wala ubavu wenyewe haukuwapo. Marehemu alifunikwa shuka. Hakuwa kitini kwake. Alikuwa mlangoni, nusu ndani nusu nje. Ulihitaji kutazama mara moja tu kujua kwamba alikuwa hai baada ya kuanguka, na kwamba alijaribu kutoka. Kwa sura, hata mama yake asingemtambua.

Bi Mkaguzi alisoma dua. Kisha akamwomba askari ruhusa, akapiga magoti kwenye matope karibu kabisa na shuka, akainyoosha mikono yake mikubwa juu ya marehemu bila kumgusa, mpaka kwenye fremu. Kibao kilikuwapo. Kimekuwa cheusi, lakini kimekaa pahala pake. Akakisugua kwa ncha ya mtandio wake. Akasoma kimya. Akasugua tena, akasoma tena, kidole chake kikipita juu ya kila tarakimu. Alipofika ya mwisho kidole kikasimama.

"Doto," akasema. Halafu akamgeukia askari, akaitaja nambari nzima, pole pole, aiandike.

Hapo nilifikiri kwamba jibu ni Haji, kisha nikakumbuka habari ya kubadilishana, nikaona kwamba bado hatujui kitu. Tulikuwa tunaingia garini simu ikalia. Alikuwa Idrisa. Alikuwa ametua kwa sababu ya dhoruba kwenye kiwanja cha bara kisicho na mtandao, akatembea mpaka barabarani kutafuta simu. Nikamuuliza neno moja tu: uko na ndege gani? Akasema, "Kulwa. Hatukubadilishana. Haji alikataa, alisema kila mtu arudi na yake."

Nilisimama mvuani nikawaza: lau vile vibao vingehamishwa msimu ule, kisha zikarudishwa herufi za ubavuni tu na vibao vikasahauliwa, kama ilivyo kawaida ya vitu vya kuazima, chuma kile kingetaja jina jengine, na mimi ningempigia Mzee Faki kumwambia mwanawe amekufa kabla Idrisa hajafika barabarani.  Bi Mkaguzi alikuwa ameshaingia garini, mikono yake myeusi ameiweka mapajani viganja juu, kama mtu anayengoja maji ya kutawadha.

Ofisini hakutuma mtu. Alikwenda mwenyewe, akakaa kwenye benchi baina yao wawili. Akamwambia Mzee Faki, "Mwanao yu hai, kapiga simu." Mzee hakusema alhamdulillahi. Alijifunika uso kwa kofia yake, akageukia ukutani, mabega yakitikisika, kwa sababu Bi Salma alikuwa pale na alikuwa ameshaelewa.

Bi Salma akauliza, "Umemwona wewe mwenyewe?"

"Nimemwona."

"Aliteseka?"

Mimi nilikuwa nimesimama mbele yao. Nilimwona Bi Mkaguzi akimtazama yule mwanamke machoni, bila ya kupepesa, kama alivyokuwa akitazama kila kitu.

"La, mwanangu. Alikwenda palepale ilipoanguka. Moto ulikuja hayupo."

Wachunguzi walikuja, wakasema ni hali ya hewa. Tajiri alimuuza Kulwa na kampuni ikafungwa. Nilipata kazi nyengine, nikahamia Chukwani, na Bi Mkaguzi akastaafu. Tulionana kwenye maziko na kwenye harusi, kama watu wa mji mmoja wanavyoonana.

Mwaka huu nilisikia kwamba kiharusi kimempata upande mmoja. Nikaenda kumtazama. Aliyenifungulia mlango alikuwa Bi Salma, amejifunga kanga kiunoni, mkono una unga. Hakushangaa kuniona. Akanipitisha jikoni, maana uji ulikuwa motoni na hakutaka uungue.

"Nnakuja kila siku," akasema. "Hana mtu. Nalala hapa siku nyengine."

Nikamwambia Mungu atamlipa. Akaendelea kukoroga. Kisha, bila ya kugeuka, akasema kwa sauti ya chini, "Wewe ulikwenda Kizimkazi naye."

"Nilikwenda."

"Na mimi nilikwenda. Kabla ya hitima. Nilitaka kupaona. Mwenyeji aliyenipeleka akanionyesha alipokuwa Haji. Akaniambia alikuwa mlangoni. Alidhani nnajua."

 Uji ukawa unatoa mapovu.

"Mbona hukumwambia Bi Mkaguzi?" nikauliza mwisho.

"Nimwambie nini? Yule hakukubali kusema uongo kwa ajili ya kazi yake, watu wakamchukia. Kwa ajili yangu akakubali. Kila usiku niliposhindwa kulala, nilimkumbuka alivyonitazama. Si maneno yake yaliyonilaza. Nilijua si kweli. Ni kwamba alijitwisha mzigo yeye." Akaipua sufuria. "Nikimwambia najua, ntakuwa nnamrejeshea mzigo wake wote kwa siku moja, katika hali hii aliyonayo."

Sauti ikatoka chumbani, nzito, maneno yamevutana. "Salma."

"Naam, mama."

Akamimina uji bakulini, akaupoza kwa kuupepea kwa kawa, nami nikamfuata. Bi Mkaguzi alikuwa ameegemezwa mito, mkono mmoja umelala juu ya shuka kama wa mtu mwengine. Nikamwamkia, akaitikia kwa kichwa. Macho yake yalikuwa yaleyale.

"Mnazungumza nini muda wote huko?" akauliza.

Bi Salma akakaa ukingoni mwa kitanda, akachota kijiko. "Mvua, mama. Tunasema leo itanyesha."

Dirisha lilikuwa wazi. Jua lilikuwa linawaka juu ya mapaa, na nguo za jirani zimeshakauka kwenye kamba. Bi Mkaguzi akalitazama dirisha, akakaa akilitazama. Akanitazama mimi. Akamtazama Bi Salma kwa muda mrefu, kisha akafungua mdomo apokee kijiko.